Tanga la Mbele la Romani

Kwa miaka kumi na tisa Luciana alijiandaa kupokea habari kwamba mume wake amezama ziwani. Simu ikiita siku ya upepo mkali, moyo ulimpasuka kabla hajaipokea. Kisha Romani akaja kufia kitandani, wadi ya wanaume, hapa hapa Sumbawanga, mwezi wa tatu, siku ambayo hata bendera ya hospitali ilikuwa imelala kwenye mti wake. Ini, walisema. Luciana akabaki na hofu yake yote, haijatumika, hajui pa kuiweka. Akawa mtu wa kuinuka na kukaa, kufungua dirisha na kulifunga, kuanza kushona sare ya shule na kuiacha ikiwa na mkono mmoja.

Romani alikuwa fundi wa mashua Kasanga, kule bandarini kwenye Ziwa Tanganyika, ambako basi likitoka mjini asubuhi linafika kabla ya chakula cha mchana. Mzungu ambaye Romani alikuwa akimfanyia kazi alirudi kwao, akamwachia mashua ya tanga yenye mlingoti mmoja. Tanga kuu, lile la nyuma ya mlingoti, lilikaa hukohuko juu ya mashua mwaka mzima. Ila matanga ya mbele yalikuwa matatu, na kwa wakati mmoja huwekwa moja tu, kulingana na upepo: kubwa jepesi la siku tulivu, la kati la siku za kawaida, na dogo zito la siku mbaya. Romani aliyapa majina ya nguo ili mkewe asiyachanganye. Kubwa akaliita Shuka, la kati Kitenge, na dogo Leso. Kila masika aliyapandisha nyumbani yasitafunwe na panya wa bandarini, na Luciana aliyatandaza sebuleni akayaziba palipochanika. Mashua yenyewe hakuwahi kuipanda hata siku moja, lakini matanga yale aliyajua kama mgongo wa mtoto aliyemwogesha.

Ndugu wa marehemu walipokutana kumaliza msiba na kugawana vitu vyake, waliyakuta yamekunjwa juu ya kabati. Ni watu wa mahindi na ulezi. Walichokiona wao ni turubai.

"Hili linaanika debe ngapi za ulezi jamani!" alisema Lydia, dada wa marehemu, akilipima Shuka kwa hatua zake.

Lydia akaenda na Shuka Mwimbi. Rafaeli, binamu yao, akalibeba Leso mpaka Muze, bondeni. Kitenge likaenda Laela kwa Flavian, kaka mkubwa. Hakuna aliyeiba, hakuna aliyelazimisha. Luciana mwenyewe ndiye aliyeyashusha kabatini na kuwapa mmoja mmoja kwa mikono miwili. Alitaka harufu ya ziwa itoke ndani ya nyumba yake. Sharon, binti yao wa pekee, siku hiyo alikuwa Kasanga akiifunika mashua, na hakuna aliyekumbuka kumuuliza.

Mwezi wa nane, Jumapili baada ya misa, Sharon akapanda kutoka Kasanga. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu, viganja vimekakamaa kwa kamba, na alikuwa na haraka.

"Shikamoo mama. Nimepata kazi."

"Marahaba. Wapi?"

"Kipili. Kuna hoteli kando ya ziwa, wanataka mashua ya tanga ya kutembeza wageni, na nahodha wake. Picha wameziona, wamezipenda. Wanataka niifikishe mwenyewe, na wageni wanaingia Jumapili ijayo. Nikichelewa wanachukua ya mtu mwingine."

Luciana aliweka sufuria chini. Kipili ni mbali, kaskazini, siku mbili za tanga ukilala njiani. Na mwezi wa nane ndio mwezi ambao upepo wa kusini hauna adabu.

"Unaenda na nani?"

"Na Malimi, yule mvuvi aliyekuwa akisafiri na baba. Tunaondoka Ijumaa alfajiri. Nimekuja kuchukua matanga ya mbele." Akatazama juu ya kabati. Akavuta stuli, akapanda, akatazama tena. "Yako wapi?"

Luciana akamwambia.

Sharon alicheka. Kisha akaacha kucheka, akashuka, akakalia stuli ileile. "Umewapa wakaanikie ulezi."

"Nilijua mambo ya ziwa yamekwisha."

"Mama, bila tanga la mbele ile mashua ni mtu wa mguu mmoja. Tanga kuu peke yake linausukuma mkia, pua inataka kuugeukia upepo kila wakati. Unang'ang'ana na usukani mpaka mikono inakufa ganzi, na bado haikusikii."

"Basi usiende."

"Nitaenda."

Alilisema bila ukali, kama mtu anayetaja siku ya juma. Ndivyo baba yake alivyokuwa akilisema. Luciana akazunguka meza mara mbili, akafuta pasipokuwa na uchafu. Mwisho akasema, "Mimi ndiye niliyeyatoa. Nitayafuata mimi."

Moyoni alikuwa na jambo lake. Kama mtoto lazima aende, aende na Leso. Kitambaa chake kilikuwa kigumu kama gunia la katani, na Romani aliwahi kumwambia kwamba lile tanga hata upepo ukichachamaa vipi haliwezi kuilaza mashua. Akampigia Rafaeli papo hapo.

"Shemeji, lile turubai dogo lipo?"

"Lipo sana! Nimelikata kava la kiti cha pikipiki, na begi mbili za kubebea mchele. Mvua haipiti hata tone. Kwani kuna jingine?"

Luciana akakata simu.

Jumatatu akaenda Mwimbi. Alimkuta Lydia uani ameinama juu ya Shuka, akiusambaza ulezi kwa kiganja, na wanawake wawili wa jirani wakipepeta.

"Wifi! Karibu! Umekuja kulitazama turubai lako? Limenilisha msimu mzima hili."

"Nimekuja kuliomba, wifi. Sharon analihitaji mashuani."

"Ile mashua bado ipo? Mimi nilidhani imekwenda na mwenyewe." Wale wanawake wakacheka, kisha wakanyamaza walipomwona Luciana hacheki. Lydia akajifuta mikono. "Chukua bwana, sina neno. Ila kwa kaka Flavian jiandae, yule ni mtu wa utaratibu."

Wakausomba ulezi. Luciana akalishika tanga kwenye pindo, akalisukuma kwa dole gumba. Dole likatokea upande wa pili. Akajaribu pengine, likatokea tena, bila hata kelele, kama ganda la kitunguu. Jua la Ufipa halina joto la kutisha, lakini lilikuwa limelilamba lile tanga tangu mwezi wa tano, kutwa nzima, na uzi wote ulikuwa umekufa. Alilikunja hivyohivyo akaondoka nalo. Nyumbani Sharon alilitazama, akalipapasa, akalisukuma kando kwa mguu.

Likabaki Kitenge.

Jumanne asubuhi, kabla ya basi la Laela, Luciana alipita kwa Muhidin, mwenye karakana ya kushona maturubai ya malori karibu na stendi. Akanunua turubai jipya la kijani, la hatua sita kwa nne, la kubadilishana na Kitenge. Alijua anakokwenda. Katika ukoo wa Romani, kitu cha marehemu kikishagawanywa hakirudi mikononi mwa mjane. Kukirudisha ni kama kusema marehemu hakuzikwa vizuri.

Flavian alimpokea kwenye baraza, akasikiliza mpaka mwisho huku akipukuchua gunzi la mahindi.

"Shemeji, nikuulize. Mfipa na ziwa wapi na wapi? Sisi samaki tunamjua akiwa mkavu."

"Mdogo wako alimjua akiwa mbichi, shemeji."

"Na tulimsema sana." Akatupa gunzi. "Sasa na huyu binti mnamwachia? Siku hizi mtoto wa kike akisema anapaa, mnamtafutia mabawa."

"Simwachii. Anakwenda."

Flavian akalichukua lile turubai la kijani, akalikagua pembe zote nne, akaridhika. Akaingia ghalani. Kitenge lilikuwa humo, limefunika magunia gizani, linanuka dawa ya kuhifadhia mahindi kiasi cha kutoa machozi. Hakumpa mkononi. Alilibeba mpaka nje ya uzio, akaliweka chini kando ya njia, akarudi ndani bila kugeuka. Luciana akaaga, akatoka, akaliokota pale njiani kama mtu aliyeokota kitu kisicho na mwenyewe. Hivyo hakuna aliyemrudishia kitu.

Alilijaribu kwa dole gumba hapo hapo barabarani, wakati akingoja basi. Halikupenya. Akavuta kwa mikono miwili, akasikiliza. Uzi ulikuwa hai. Pete za pembeni zilikuwa nzima, na vile vibanio vya shaba, vya kulikamatishia kwenye waya unaotoka ncha ya mlingoti mpaka pua ya mashua, vilikuwa vyote kumi na moja.

Alifurahi kwa muda wa vijiji viwili. Basi lilipofika kwenye ule uwazi ambao hauna mti wala nyumba, upepo ukalipiga ubavuni mpaka dereva akalirudisha barabarani kwa mikono yote miwili, na abiria mmoja akasema, "Leo tunapaa." Luciana alitazama nje. Mabua makavu ya mahindi yalikuwa yamelala chini shamba zima. Akafikiri: huu ni upepo wa nchi kavu, wenye milima ya kuugongagonga. Huko majini unazuiwa na nini? Na hili lililopo mapajani si dogo. Ni la kati. Siku ya kawaida ndiyo siku yake, na mwezi wa nane hauna siku ya kawaida.

Aliposhuka stendi hakwenda nyumbani. Akaingia karakana ya Muhidin. "Baba Kauthar, nihifadhie huu mzigo. Nitaufuata."

Nyumbani Sharon alikuwa mlangoni.

"Umelipata?"

"Baba yako mkubwa amekataa," alisema Luciana, akiinama kuvua viatu. "Anasema cha marehemu hakirudi."

Alitegemea kilio, au matusi kwa Flavian. Alijiandaa kumbembeleza. Sharon alichukua mtandio akatoka, na Luciana akakaa akisikiliza geti, akijiambia kwamba kesho mtoto atapiga simu Kipili na mambo yataishia hapo. Usiku huo hakulala vizuri, lakini hilo halikuwa jipya.

Jumatano alirudi kutoka sokoni akaikuta sebule imejaa Shuka. Sharon alikuwa amepiga magoti katikati yake, ana gundi ya kuzibia matairi, mkasi, na vipande vya nailoni alivyovikata kwenye mwavuli wa zamani. Alikuwa ameshabandika viraka kama ishirini.

"Unafanya nini?"

"Nalibandika. Malimi amesema tukiondoka na upepo mdogo litashika."

"Na ukiwa mkubwa?"

"Litachanika, tutalishusha." Sharon hakuinua kichwa. "Mama, nipishe mwanga."

Luciana alipisha. Aliliona lile tanga lilivyo kubwa, pembe zake zimeingia mpaka jikoni, na kila penye kiraka, kando yake, kitambaa kimeanza kuachia. Alikuwa amemficha mtoto tanga zima ili abaki, na mtoto hakubaki. Sasa alikuwa anakwenda ziwani mwezi wa nane na tanga kubwa kuliko yote, limeoza, kwa sababu mama yake amesema uongo. Romani angekuwepo asingepiga kelele. Angemtazama tu kama alivyotazama fundo lililofungwa vibaya.

Akatoka. Hakuchukua hata khanga. Alipofika karakana akamkuta Muhidin ameketi kwenye ile cherehani yake kubwa ya kushonea ngozi na turubai, na mkewe Kulsumu akigonga pete za chuma kwa nyundo.

"Nimekuja kwa mzigo wangu. Nataka tuushone hapa hapa, Baba Kauthar. Halafu mniazime simu, yangu nimeiacha."

Sharon alipopokea, Luciana alisema maneno matatu. "Njoo kwa Muhidin."

Alikuja akikimbia, gundi imekauka vidoleni. Akaliona Kitenge limetandazwa sakafuni. Akasimama.

"Ulisema baba mkubwa amekataa."

"Nilisema uongo."

Kulsumu aliacha kugonga. Muhidin akaanza kutafuta kitu mezani ambacho hakikuwepo.

"Kwa nini?"

"Nilitaka ubaki."

Sharon aliangalia pembeni, taya linacheza. Luciana akadhani ataondoka. Lakini binti alipiga magoti, akapitisha mkono juu ya kitambaa kuanzia pembe ya chini mpaka penye vibanio, akakinusa. "Linanuka ghala," alisema. "Lakini ni zima."

"Ni zima, ila ni kubwa kwa upepo wa sasa. Ndiyo maana nimekuita. Leso halipo. Nataka tulifanye hili liwe mawili."

"Tulikate?"

"Ukikata umekata. Siku upepo ukiwa mdogo utalia. Nataka upande wa chini ukunjike. Tunaweka mstari wa matundu hapa," akachora kwa chaki, "tunaongeza pembe mbili mpya zenye viraka vizito. Upepo ukizidi unalishusha kidogo, unalikunja mpaka hapa, unalifunga kwa vikamba. Likiisha kufungwa linakuwa dogo karibu sawa na Leso."

Sharon alimtazama mama yake kama anayemwona mara ya kwanza. "Nani kakufundisha?"

"Tanga kuu si lina mstari kama huo? Nani unadhani aliushona?"

Muhidin alikuja na futi yake. Ni mtu anayependa mambo yaliyonyooka, na maturubai yake yakifunika lori hayapigi kelele mpaka Tunduma. "Mstari twende nao sambamba na sakafu, mama Sharon. Kutoka pindo hili mpaka lile. Na pindo nitalivuta likaze, lisichezecheze."

"Usilivute," alisema Luciana. "Likikaza pindo litakuwa ubao. Linatakiwa kuwa na tumbo."

"Turubai lenye tumbo!" Muhidin alimgeukia mkewe. "Mama Kauthar, umesikia? Miaka yote wateja wananigombeza kwa tumbo, leo nimepata wa kuliagiza."

"Mshonee mwenzio anachotaka," alisema Kulsumu. "Tumbo unalo la kutosha, muazime."

Hata Sharon akacheka, japo kidogo. Kisha akaichukua chaki. "Na mstari usiwe sambamba, mzee. Hii pembe ya nyuma, ambako kamba ya kuvutia inafungwa, ipande juu zaidi. Viganja viwili hivi. Ikikaa chini, kamba itavuta pindo la chini tu, huku juu tanga linafunguka linapigapiga, na mashua haiendi."

"Viganja vitatu," alisema Luciana.

"Viwili, mama."

"Kitambaa hiki kinalegea kikilowa. Vitatu."

Wakatazamana. Sharon akachora vitatu.

Walishona mpaka Alhamisi adhuhuri. Luciana alikata viraka vya pembe kutoka sehemu ngumu za turubai la lori, masalio ya kijani ya Muhidin, tabaka tano kila pembe, akazipunguza ukubwa moja baada ya moja ili mvuto usiishie mahali pamoja. Cherehani ilivunja sindano mbili. Matundu tisa ya mstari yalipigiliwa pete na Kulsumu, na kila pete Luciana aliitia kidole na kuivuta kwa uzito wake wote. Hakukaa hata mara moja. Akimaliza pete aliirudia ya kwanza. Muhidin akamwambia, "Mama Sharon, utazichosha kabla ya upepo."

Jioni walikuwa Kasanga. Malimi, mtu mfupi mwenye sauti ya chini, alilipandisha Kitenge mara moja kwenye mlingoti mashua ikiwa imefungwa, kulijaribu. Sharon akamwonyesha mama yake kutoka gatini jinsi kamba ya kuvutia inavyopita kwenye kapi, kile kigurudumu cha kuongozea kamba, na kapi linavyosogezwa mbele au nyuma juu ya reli yenye matundu. Tanga likiwa zima, kapi linakaa tundu la saba kutoka mbele. Likikunjwa, pembe imepanda, kwa hiyo kapi lazima lisogezwe mpaka la tatu. Akayatia alama matundu yale mawili kwa rangi ya kucha, nyekundu.

"Ukisahau kulisogeza?"

"Tanga litanikumbusha. Litapiga kelele juu."

Ijumaa asubuhi maji ya ghuba yalikuwa yametulia kabisa. Vilima vya Kasanga vinaukinga upepo, na moshi wa majiko ulikuwa unapanda wima. Luciana alimwona Sharon akilifunga tanga la mbele likiwa zima, bila kukunja. Tanga kuu alikuwa ameshalipunguza, lakini la mbele alikuwa analipandisha lote.

Alikwenda mpaka ukingoni mwa gati. "Baba yako alikuwa anasema tanga halichaguliwi kwa upepo wa ghuba. Linachaguliwa kwa upepo wa rasi."

"Najua. Lakini nikikunja sasa, nitaelea hapa mpaka mchana, tutafika pa kulala giza limeingia. Nitakunja huko huko rasini."

"Kunja hapa."

"Mama."

Malimi alikuwa ameshashika kamba ya mwisho. Watu wa gatini walikuwa wanasikiliza. Luciana alikuwa na maneno mengine manne au matano mdomoni, mazuri, yenye kukata. Aliyameza. Akasema, "Haya. Nenda. Mungu awatangulie."

Mashua ikajitoa taratibu. Kitenge likajaa, na kwa mara ya kwanza Luciana aliliona tumbo lake, lile alilolishona na kuliziba miaka yote sebuleni bila kujua linavyokuwa likiwa kazini. Lilikuwa zuri. Hilo lilimkera.

Alitembea gatini kwenda na kurudi. Nje ya rasi maji yalikuwa rangi nyingine, meusi yenye vidoa vyeupe. Mashua ilipofika kwenye mpaka wa rangi hizo mbili, ikainama ghafla. Pua ya mashua ikageuka kuutazama upepo, tanga la mbele likaanguka nusu, na mtu mmoja akaonekana akitambaa kwenda mbele. Malimi, au Sharon, kwa umbali ule Luciana hakuweza kujua. Mashua ilikuwa inarushwarushwa kama kopo. Muda ukapita. Alijikuta anaifunga kwa vidole vyake mwenyewe ile kamba ya kwanza, ya pili, ya tatu, kwenye pindo la khanga.

Tanga likapanda tena, dogo, la pembe kali. Viraka vya pembe vya turubai la kijani vikaonekana. Lakini juu lilikuwa linapigapiga, na mashua inasimama badala ya kwenda.

"Kapi!" alipiga kelele Luciana. "Sogeza kapi mbele! La tatu!"

Wabeba mizigo wakageuka kumtazama yule mama wa mjini anayeufokea upepo. Mmoja akauliza mwenzake, "Anamwambia nani?" Hakuna sauti ya kufika kule. Tanga likaendelea kupigapiga, mara kumi, mara ishirini, naye alihisi kila pigo kwenye zile nyuzi. Kisha likakoma. Likakaza kutoka chini mpaka juu, mashua ikageuza mkia kwenye upepo, ikaondoka kwa kasi, imekaa sawa, haijainama tena. Dakika chache baadaye rasi ikaimeza.

Mtu mmoja akamwambia basi la Sumbawanga linaondoka saa nne. Luciana akamshukuru. Kisha akashuka gatini, akaanza kutembea kando ya maji kuelekea kaskazini, akapanda mawe ya rasi kwa mikono na magoti. Juu yake aliiona: pembe nyeupe ndogo, mbali tayari, inakwenda. Aliitazama mpaka nayo ikaingia nyuma ya rasi ya pili.

Chini kidogo mwanamke alikuwa anaanika dagaa kwenye mwamba.

"Dada, ukitaka kufika ile rasi nyingine, kuna njia?"

Mwanamke akamtazama viatu vyake vya kanisani. "Ipo ya mbuzi."

"Inatosha," alisema Luciana, akaishika.